Wiski ya Bwana Mvua

Kifurushi kilifika Jumanne asubuhi, na aliyekipokea mlangoni alikuwa mume, fundi lifti mstaafu, mtu ambaye hajawahi kuona boksi lililofungwa akaliacha lilivyo. Mke anatoka kuoga, tayari utepe wa gundi umekatwa kwa kisu cha mboga, karatasi zimetapakaa mezani, na katikati ya vurugu hiyo imesimama chupa.

"Mama watoto, una rafiki ambaye simjui?"

"Marafiki zangu wote unawajua, na nusu yao umegombana nao."

"Basi huyu ni mpya. Ametuma pombe."

Mke alikaa, akajifuta maji shingoni, akaivuta chupa karibu.

Mwanamke huyu watu walimwita Ulimi. Wapangaji wapya mtaani wakilisikia jina hilo walidhani ni mmbeya, wakawa wanakatisha maneno akipita, kumbe hata salamu yenyewe alikuwa mvivu wa kuirefusha. Jina alilipata kazini. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mwonjaji wa chai katika ghala moja kubwa, yule anayesimama mbele ya vikombe vyeupe themanini vilivyopangwa mstari, anachota kwa kijiko, anafyonza kwa kelele ambayo mbele ya wakwe ingemtia aibu, anazungusha mdomoni, anatema kwenye ndoo, kisha anatoa hukumu kwa neno moja au mawili. Imeungua. Imevunda. Hii safi. Siku moja alikataa shehena nzima akisema imesafiri na sabuni. Wenye mali waling'aka, wakapiga simu huku na huku, mwisho ikaonekana kweli lile lori wiki iliyotangulia lilibeba sabuni. Tangu siku hiyo akawa Ulimi, jina likamfuata hadi nyumbani, likakaa.

Kumbe katika kazi ile ulimi hufanya sehemu ndogo tu. Iliyobaki yote ni ya pua. Lakini nani angekubali kuitwa Pua?

Kilichokuwa chupani kilikuwa na rangi ya chai iliyotiwa maji mara ya pili. Lebo iliandikwa kwa lugha mbili. Moja ilikuwa Kiingereza. Nyingine haikufanana na kitu.

"Wisgi," fundi lifti alisoma, kidole kikifuata herufi. "Hapa wamekosea kidogo, lakini tumewaelewa. Sasa hii Cymru ndiyo nini? Chimuru?"

"Ni nchi."

"Nchi gani?"

"Wales. Angalia upande wa pili, imeandikwa kwa Kiingereza. Ni watu wa Wales, na nchi yao wenyewe wanaiita hivyo."

Fundi lifti alienda kuleta kitabu cha ramani walichoachiwa na watoto, akavaa miwani, akatafuta Cymru kwa muda wa kutosha chai kupoa. Hakuiona. Aliiona Wales, pembeni mwa kisiwa, ndogo. "Kama wenyewe wanaiita Cymru," alisema, "basi hiyo Wales ni jina la nani?" Mkewe hakuwa akimsikiliza. Alikuwa ameishika kadi iliyokuja na chupa. Mwandiko aliujua tangu kazini: herufi ndogo zilizoinama upande mmoja kama zinakwepa upepo. Iliandikwa maneno machache: tafadhali onja, kisha niambie kweli tupu, nasubiri. Chini yake namba ya simu.

"Ni Bwana Mvua," alisema.

Bwana Mvua alikuwa mnunuzi wa chai huko Wales, wa kampuni ndogo ya kupakia chai kwenye makopo. Kwa miaka kumi na tisa, kila Alhamisi, walizungumza kwa simu, yeye na Ulimi, kila mmoja akiwa na sampuli ile ile mbele yake. Hawakuwahi kuonana. Mazungumzo yake yalianza siku zote kwa kusema kwamba kwao mvua inanyesha, na ndiyo maana pale ghalani wakampa jina hilo. Wakibishana juu ya kikombe walibishana kwelikweli, na mara nyingi ni Bwana Mvua aliyerudi wiki iliyofuata akisema, umeshinda. Alistaafu kabla ya Ulimi. Tangu hapo, kimya.

"Kesho tuifungue," fundi lifti alisema.

"Jumamosi. Kuonja hakutaki haraka."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha akaibeba chupa akaisukuma kabatini nyuma ya sahani za wageni, akafunga mlango wa kabati.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na hii aliijua yeye peke yake. Miezi minane nyuma mafua yalipita nyumba nzima. Mume alikohoa wiki moja akapona. Wifi yake, dada mkubwa wa mume, muuguzi mstaafu aliyekuwa akikaa nao, alipiga chafya siku mbili akasema virusi vinamjua vinamheshimu. Ulimi naye alipona, isipokuwa asubuhi moja alimenya kitunguu, machozi yakamtoka, harufu haikuja. Alikisogeza kitunguu puani. Hakuna. Akafungua kopo la kahawa. Hakuna. Akanusa kwapa la shati la mumewe kwenye kapu la nguo chafu, kitu ambacho kingemwamsha maiti. Ikawa kama ananusa ukuta.

Alijiambia itarudi kesho. Kesho ikawa wiki, wiki zikawa miezi, na kadiri siku zilivyopita ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kusema. Jikoni alipika kwa kumbukumbu ya mkono. Chumvi, sukari, uchungu na uchachu bado vilimfika ulimini, kwa hiyo hakuumbuka. Tatizo lilikuwa ghalani. Baada ya kustaafu walimwomba aje kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi, aonje pamoja na waonjaji wapya na kuwasahihisha. Mara saba alikwenda, na mara saba alihukumu kwa macho: rangi ya chai, umbo la majani, uzoefu wa kujua mwezi huu shamba gani hutoa nini. Bahati ilimbeba.

Jumamosi alitayarisha meza kama ghalani. Alipanga vikombe vyeupe vitatu, glasi ya maji, kijiko na bakuli la kutemea. Ilikuwa saa nne asubuhi, kwa sababu hiyo ndiyo saa ambayo mdomo wa mtu bado haujachoshwa na siku. Fundi lifti alikaa kwa adabu kama mtahiniwa. Wifi mtu alivuta kiti mbali kidogo.

"Mimi sinywi," alisema wifi. "Nimekuja kutazama dhambi za wengine."

Ulimi alimimina kidogo, akazungusha kikombe, akakisogeza puani. Hakutegemea lolote. Alikuwa ameshajiandalia hata uongo wake: tamu, laini, ina asali kwa mbali, maneno ambayo hakuna pombe itakayoyakataa.

Harufu ikampiga.

Alikirudisha kikombe mezani haraka mpaka kikalia. Miezi minane alikuwa ndani ya nyumba isiyo na dirisha, na sasa mtu amefungua tundu. Akakinyanyua tena. Ilikuwapo. Raba. Kiatu cha raba kipya, kile kinapotolewa kwenye boksi na karatasi yake. Akavuta tena: raba ile ile, na nyuma yake kitu kama daftari lililolowa.

Aliinuka, akaenda bafuni, akanusa sabuni. Hakuna. Akaenda jikoni, akanusa kopo la kahawa. Hakuna. Akarudi mezani, akanusa kikombe. Raba.

"Kuna nini?" mumewe aliuliza.

"Onja."

Fundi lifti alionja, na hakutema. "Inachoma kidogo, halafu tamu. Nzuri."

"Raba huisikii?"

"Raba ya wapi?"

Wifi aliomba kikombe, akakinusa kwa urefu wa mkono kama anayenusa kidonda cha mgonjwa. "Matunda," alisema. "Tufaha lililokaa sana. Na mbao. Raba hapana, wifi yangu. Labda ni viatu vya huyu ndugu yangu."

Ulimi alikaa. Hakujua ashike lipi aache lipi. Alitaka kucheka kwa sababu pua imeamka, na alitaka kulia kwa sababu imeamka na habari ambayo hakuna mwingine anayeijua. Ikiwa raba imo kweli, basi chupa ina kasoro, na yeye ndiye wa kuiona, kama zamani. Ikiwa haimo, basi hiyo raba inatoka wapi? Katika miaka thelathini na mmoja, watu walipotofautiana naye, waliokosea walikuwa wao. Mazoea hayo yalimwambia aamini kikombe. Kitunguu, sabuni na kahawa vilimwambia vingine.

Jumapili aliionja tena peke yake, saa ile ile, kikombe kile kile. Raba ilikuwa imeondoka. Mahali pake palikuwa na nywele zilizoungua.

Alimwita mumewe.

"Chupa hii umeigusa?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo cha kuhakikisha."

"Na umeongeza nini ndani?"

Fundi lifti alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama ameua. "Mimi? Miaka arobaini nimebeba roho za watu ghorofa kwa ghorofa, haijawahi kukatika kamba hata moja, leo ndani ya nyumba yangu naitwa mchakachuaji?"

"Jana ilikuwa raba. Leo ni nywele."

"Basi hiyo ni wiski au ni takataka za kinyozi?"

Hawakusemeshana hadi Jumatatu jioni, na hata hapo ilikuwa ni kuombana chumvi tu.

Alhamisi ikafika, ile ya mwisho wa mwezi. Ulimi alivaa koti lake jeupe, akaingia chumba cha kuonja, madirisha yake makubwa yakitazama upande usio na jua. Mkuu wa chumba sasa alikuwa mwanamke kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha, tangu enzi alipokuwa akimeza chai badala ya kuitema mpaka hapati usingizi. Pembeni yake walisimama waonjaji wapya wawili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, wote wakimtazama Ulimi kama wanavyotazamwa watu ambao umesimuliwa habari zao.

Walikwenda vizuri hadi mstari wa pili. Kwenye kikombe cha nane Ulimi alifyonza, akazungusha, akatema. Rangi ilikuwa nzuri, nyekundu ya kung'aa. Ulimini ilikuwa na ukali wa kutosha.

"Safi," alisema.

Kijiko cha mkuu kilisimama hewani. "Safi, mwalimu?"

"Safi."

Mrefu alionja, akameza mate, akasema, "Safi." Mfupi naye akasema hivyo hivyo. Mkuu alikinusa kikombe mara ya pili, akakiweka chini. Waliendelea na kikombe cha tisa.

Walipomaliza, mkuu alimfuata Ulimi hadi kwenye korido, karibu na masinki ya kuoshea vikombe.

"Mwalimu, kile cha nane kinanuka rangi ya mafuta. Ghala la wale watu limepakwa rangi wiki iliyopita, hata mama wa usafi ameisikia kutoka mlangoni." Akashusha sauti, akatabasamu. "Ulikuwa unatupima, sivyo?"

Hapo ndipo mlango wa kusema kweli ulipofunguliwa, na Ulimi angeweza kupita. Aliutazama uso wa yule mwanafunzi wake wa zamani, uliojaa imani, akashindwa.

"Nilikuwa nawapima," alisema.

"Nilijua. Wale wawili wamekubali kwa sababu umesema wewe. Nitawasema, wajifunze."

Na kweli aliwasema. Ulimi akiwa anavua koti alisikia sauti ya mkuu kupitia ukutani, haikuwa kali lakini ilikuwa ndefu, na sauti za wale wawili hazikusikika kabisa. Alitoka nje akashika njia kwa miguu, kituo kikapita, cha pili kikapita. Jambo moja tu ndilo alilokuwa na uhakika nalo, kwamba vijana wawili wamesemwa kwa kosa lake.

Ijumaa mchana alikaa jikoni na kalamu. Alitaka amwandikie Bwana Mvua ayamalize. Aliandika kwamba wiski ni nzuri, akakata. Aliandika kwamba ina raba, akakata. Aliandika kwamba ina raba siku moja na nywele siku nyingine, akaisoma sentensi hiyo, akajiona ni kichaa, akakata. Nyuma yake alikuwa amebandika birika kwenye jiko la gesi. Birika likachemka, likafurika, maji yakaumwagikia moto, moto ukazimika, na gesi ikaendelea kutoka taratibu. Alimimina wiski kidogo, akanusa. Leo kulikuwa na raba tena, hafifu. Akainamia karatasi.

Fundi lifti aliingia na mkate mkononi. Aliuangusha mkate sakafuni, akavuka jikoni kwa hatua ambazo mkewe hakuwa ameziona tangu ujana wao, akafunga mtungi, akafungua dirisha, akafungua la pili, akamshika mkewe mkono wa juu akamtoa nje hadi kwenye ngazi. Kisha akarudi ndani akamwamsha dada yake, ambaye alikuwa amelala chumba cha pili, akamtoa naye, kanga imezungushwa usoni.

Walisimama pale kwenye ngazi wote watatu.

"Hukuisikia?" fundi lifti aliuliza. Alikuwa anahema.

"Nini?"

"Gesi. Mimi nimeisikia nikiwa ghorofa ya chini."

Wifi aliishusha kanga, akamtazama Ulimi kwa jicho lake la wodini, lile ambalo kwa miaka mingi lilijua nani amekunywa dawa na nani ameitupa dirishani.

"Wifi," alisema kwa upole. "Pua imelala tangu lini?"

"Tangu yale mafua."

"Miezi minane?"

"Miezi minane."

"Mficha maradhi kilio humfichua," wifi alisema. "Na leo kilio kingekuwa cha watu wawili."

Ulimi alikaa kwenye kidato cha ngazi akalia, si kwa kelele. Mumewe alisimama kwanza, asijue mikono aiweke wapi, mwisho naye akakaa.

"Miezi minane," alisema. "Na mimi kila siku nasifia chakula, kumbe mpishi mwenyewe hajui kinanukaje."

"Kilikuwa kibaya?"

Alifikiri. "Kuna siku."

"Mbona hukusema?"

"Wewe mbona hukusema?" Akamgeukia. "Kwa hiyo ile wiski sikuichakachua."

"Hukuichakachua. Nisamehe, baba watoto."

"Nilikunywa zaidi ya kidogo, lakini sikuichakachua."

Wiki iliyofuata wifi aliwapeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo, kijana mtaratibu aliyemulika puani, akauliza maswali mengi, akaandika. Alipofika kwenye habari ya raba na nywele aliweka kalamu chini, akaonekana kupendezwa. Alieleza kwamba mishipa ya kunusia iliumizwa na mafua, na sasa inaota upya. Inapoota huwa inajiunga ovyo, ubongo ukaletewa habari zisizo zenyewe. Watu wengi husikia vitu vilivyoungua, au vilivyooza, au plastiki.

Ulimi hakuelewa vizuri. Fundi lifti ndiye aliyeelewa.

"Yaani umebonyeza ghorofa ya tatu, inakupeleka ya saba."

"Kabisa, mzee."

"Lakini inatembea."

"Inatembea," daktari alikubali. "Hilo ndilo zuri. Isiyotembea ndiyo inayonitia wasiwasi."

Alimwambia atafute harufu nne, limau, karafuu, waridi na mkaratusi, kila moja kwenye kichupa chake, azinuse asubuhi na jioni kwa utulivu, huku akikumbuka zilivyokuwa. Inaweza kuchukua miezi, inaweza kuchukua mwaka. Inaweza kurudi nusu.

"Daktari," Ulimi aliuliza akiwa ameshasimama. "Kwa hiyo kwenye ile wiski hakuna raba?"

"Mama, wiski yako mimi sijaionja."

Alitoka pale na orodha ya zile harufu mkononi na swali lake vilevile kichwani.

Jumatatu alikwenda ghalani bila kuitwa. Aliomba wale waonjaji wawili wawepo, akasimama upande wa pili wa meza, mahali wanaposimama wageni.

"Siku ile sikuwa nawapima," alisema. "Sikuisikia rangi. Sisikii kitu tangu mwanzo wa mwaka. Mkuu wenu nilimdanganya, nanyi mkasemwa kwa kosa langu."

Mkuu alishika ukingo wa meza. Uso ulimshuka, ukapanda, ukashuka tena, na Ulimi hakuweza kujua ni hasira au huruma. Yule mfupi ndiye aliyezungumza kwanza.

"Mwalimu, mimi rangi niliisikia. Ila uliposema safi, nikafikiri pua yangu ndiyo mbovu."

Ulimi alilikunja lile koti jeupe alilokuja nalo mkobani, akaliweka juu ya kiti, akasema hatakuja mwezi ujao. Mkuu alimsindikiza hadi getini. Njiani alimwambia tu kwamba vile vikombe vya zamani vyenye ufa hatimaye wamevibadilisha. Kwenye geti alimkumbatia kwa nguvu sana, akaondoka haraka bila kuaga. Ulimi alibaki akijiuliza kama amesamehewa.

Kazi iliyobaki ilikuwa simu. Aliipiga siku ya Alhamisi, saa ile waliyozoea, mumewe amekaa pembeni akijifanya anasoma gazeti. Iliita mara nyingi.

"Huku mvua inanyesha," sauti ilisema kwa Kiingereza, baada ya kumtambua. Ilikuwa imezeeka, lakini yenyewe.

Walisalimiana. Ulimi aliona akichelewa atashindwa, kwa hiyo aliyasema yote kwa mkupuo: mafua, pua, kikombe cha nane, gesi, daktari. Bwana Mvua hakumkatiza.

"Pole sana," alisema mwishoni. "Kama ningejua nisingekusumbua. Nikueleze ni ya nini. Wiski hiyo ameitengeneza binti yangu. Yuko kwenye kiwanda kidogo hapa kwetu, na hiyo ndiyo ya kwanza ambayo ni ya mkono wake mwanzo hadi mwisho. Miaka ameingoja kwenye pipa. Mimi ni baba yake. Nikiionja naona ni nzuri kuliko zote, na najua maoni yangu hayafai kitu. Watu wa hapa wananijua, watanipaka mafuta. Ndipo nikakukumbuka wewe."

"Na mimi sifai," Ulimi alisema. "Nilipoinusa nilisikia raba. Mume wangu hakuisikia. Wifi yangu amesikia tufaha na mbao, na yeye ana pua nzima. Basi mchukue huyo, binti yako amefanya kazi nzuri."

"Raba mpya au ya zamani?" Bwana Mvua aliuliza.

"Mpya. Ya kutoka boksini."

"Nilipeleka chupa mbili kabla ya yako. Wa kwanza alisema nzuri sana. Wa pili, mtu wa kazi hiyo, alisema ina raba. Binti yangu aliumia, hakuzungumza siku mbili. Nikamwambia yule mzee amekosea."

Ulimi aliikaza simu sikioni. "Lakini mimi ni mgonjwa. Daktari amesema naletewa habari zisizo zenyewe."

"Nimesikia."

"Siku ya pili nilisikia nywele zilizoungua."

"Hizo hatujawahi kuambiwa," alisema Bwana Mvua. "Subiri kidogo."

Aliiweka simu chini. Ulimi alisikia kiti kikiburutwa, mlango, kisha sauti mbili, yake na ya mwanamke, wakizungumza ile lugha ya kwenye lebo. Ilikuwa na sauti nyingi za kooni na upepo mwingi. Ilipanda, ikashuka, ikawa fupi fupi. Mmoja alicheka, au alikohoa. Ulimi alikaza sikio kama zamani alivyokuwa akikaza pua, lakini hakupata hata neno moja la kushika.

"Wanasemaje?" fundi lifti alinong'ona, gazeti limeshashuka magotini.

"Sijui."

"Wanagombana?"

"Nimekwambia sijui."

Mtu alichukua simu. Sauti ilikuwa ya mwanamke, kavu kidogo, yenye adabu. Hakujitambulisha, na hakukuwa na haja.

"Mama, ile raba uliisikia mwanzo au mwisho?"

Ulimi alifumba macho. Alikirudisha kikombe kile cha Jumamosi mbele yake, akakipitia polepole, jinsi alivyowafundisha wengi wakipitie. "Mwanzo," alisema. "Kabla ya kuonja. Ukishameza haipo. Nyuma yake kulikuwa na karatasi iliyolowa. Lakini tafadhali kumbuka, pua yangu ni mbovu."

"Ulitia maji?"

"Hapana. Bila maji."

"Asante," alisema binti. Baba yake alirudi kwenye simu, akasema watazungumza tena, wakaagana.

Ulimi aliweka simu mezani. Mumewe alikuwa anamngoja.

"Haya. Amefurahi au amechukia?"

"Sijui, baba watoto."

"Sauti ilikuwaje?"

"Haikuwa na upande. Ila wakati naongea, nilisikia anaandika."